Kulikiza

Katika soko la Busia, mpakani mwa Kenya na Uganda, na kando ya barabara ipitayo Alupe kwenda Malaba, wimbi, mtama na muhogo husagwa pamoja ukapatikana unga wa uji wa watoto. Baadhi ya maandishi ya lishe huuita uji huo chakula cha kulikiza, na hapo ndipo jina linapomponza mtoto. Kulikiza ni kumwachisha ziwa. Ndipo ilipotoka likizo. Mama akilisikia jina hilo, ataona uji ukiingia, ziwa litoke. Sivyo hata kidogo. Shirika la Afya Duniani linashauri maziwa ya mama pekee miezi 6 ya kwanza, kisha vyakula viongezwe huku mtoto akinyonya hadi miaka 2 au zaidi.

Na uji wenyewe uwe mzito, ukae kijikoni bila kuchuruzika. Tumbo la mtoto ni dogo. Uji wa majimaji hulijaza bure.

Kunyonyesha hivyo kunahitaji muda, na Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007 humpa mama mwajiriwa likizo ya uzazi ya miezi 3. Mama mchuuzi wa mpakani hana hata hiyo, kwa hiyo ushauri umfikie ukiwa wazi. Wahudumu wa kliniki, tafadhali semeni “chakula cha nyongeza”.