Da Gama Alionyeshwa Njia

Wasee wa Kibera na Kawangware, hii ya Vasco da Gama kugundua njia ya India tuiangalie vizuri. Shuleni tulikariri 1498, basi. Siku yenyewe ya kung'oa nanga hakuna aliyetusimulia.

Ilikuwa tarehe 24 Aprili, Malindi. Meli tatu za Wareno zikatweka matanga, na ndani kulikuwa na rubani aliyetolewa na mfalme wa Malindi. Siku mbili kabla, da Gama alimshikilia melini mtu wa karibu wa mfalme mpaka rubani aletwe. Yaani hata kuonyeshwa njia ilikuwa kwa kubana watu!

Rubani alijua bahari. Kusi ilikuwa inaanza, upepo uleule majahazi yalikuwa yametumia karne nyingi. Siku 23, wakaona India.

Sasa cheki kurudi. Da Gama aliondoka Oktoba mwanzoni, kaskazi haijashika. Karibu miezi mitatu baharini, kiseyeye kikaua watu kama 30. Kusini mwa Mombasa wakachoma meli moja, São Rafael, kwa kukosa mabaharia wa kutosha.

Mnajua hii stori. Wageni huja Kibera na kamera, kijana wa mtaa anawapitisha vichochoroni, filamu ikitoka jina lake halimo.

Wengi husema rubani alikuwa Ahmad ibn Majid, yule Mwarabu maarufu. Wanahistoria wengi siku hizi wanakataa. Nguzo ya da Gama bado iko Malindi, watu wanapigia picha.