Matairi ya Ufipa, Kutoka Tope hadi Lami

Land Rover ya kwanza ilioneshwa Amsterdam Aprili 1948, ikiwa na magurudumu manne yanayolingana. Mwaka uliofuata, shirika la kimataifa la kupambana na nzige wekundu liliundwa na kuweka makao yake Abercorn, leo Mbala, ng'ambo tu ya mpaka wa Ufipa. Mbuga za Ziwa Rukwa zilikuwa mojawapo ya mazalia makuu ya nzige hao. Sumbawanga iko mita 1,800 hivi juu ya usawa wa bahari. Ukishuka Lyamba lya Mfipa hadi ziwani, unakuta mita 800. Nchi ya miinuko na tope jeusi namna hiyo ilidai gari linalovuta kwa magurudumu yote.

Katika Land Rover za zamani, dereva alibonyeza kitufe cha njano, magurudumu ya mbele nayo yakaanza kuvuta. Hapakuwa na difu ya kati. Shafti ya mbele na ya nyuma zilizunguka kwa mwendo mmoja. Kama matairi yalipishana kidogo ukubwa, tope lilisamehe: tairi liliteleza, shafti ikapumua.

Trekta ndilo lililopishanisha magurudumu waziwazi. Baada ya Kilimo Kwanza kuzinduliwa mwaka 2009, SUMA JKT iliuza matrekta ya New Holland na Farmtrac. Trekta linalovuta kwa magurudumu yote huwa na matairi madogo mbele na makubwa nyuma, na halidhuriki, kwa kuwa meno ya gia yamepangwa kufidia tofauti hiyo. Kwa kawaida ya mbele hutangulia ya nyuma kwa asilimia chache tu. Mkulima akifunga nyuma matairi makubwa kuliko yaliyokusudiwa, hesabu yote imevurugika.

Magari madogo yalifuata njia nyingine. Porsche 911 Carrera 4 ya mwaka 1989 ilivaa 205/55 mbele na 225/50 nyuma, zote rimu ya inchi 16. Ukipiga hesabu, kipenyo cha mbele ni milimita 631.9 na cha nyuma 631.4. Upana umepishana, kimo karibu sawa. Hilo ndilo jambo la kuangaliwa, na inasikitisha kuona wengi wakitazama upana na mng'ao wa rimu peke yake.

Februari 17, 2008, Marais Kikwete na Bush walitia saini jijini Dar es Salaam mkataba wa msaada wa dola milioni 698, na kwa fedha hizo barabara ya Tunduma–Sumbawanga ikapata lami. Safari ikawa nyepesi, lakini ule msamaha wa tope ukatoweka.

Chukua gari la kuvuta kwa magurudumu yote linaloondoka kata ya Izia, Sumbawanga, kwenda Tunduma, matairi mapya mbele, vipara nyuma. Kashata za milimita nane zikiisha hadi mbili, mzingo hupungua karibu milimita 38. Kwa tairi la ukubwa wa lile la Porsche, hiyo ni mizunguko kumi hivi ya ziada kila kilomita, na zaidi ya 2,000 katika kilomita 220 za safari. Difu ya kati hufanya kazi njia nzima hata gari likienda moja kwa moja, na zile zenye kiungo cha mafuta mazito huchemka. Ndiyo sababu Subaru hutaka matairi yote manne yawe ya saizi na mzingo mmoja, hata pale pancha moja inapomlazimu mwenye gari kununua manne.