Forodhani: pembe za Maniema zilipotozwa ushuru

Mtu akifika Unguja jioni hukuta bustani ya Forodhani imejaa watu, pembeni ya Ngome Kongwe. Wanakula urojo na pweza, vijana wanaruka baharini. Waarabu wa Oman walijenga ngome hiyo mwishoni mwa karne ya 17, baada ya kuwafukuza Wareno. Baadaye ikawa gereza. Bustani ni ya juzi tu, ya 1936.

Lakini jina ni la zamani. Forodha ni mahali pa kulipia ushuru, na pembe za ndovu kutoka Maniema, jirani na Walikale yetu, zililipiwa Unguja. Zilibebwa mabegani mwa watu, wakiwemo watumwa. Tippu Tip alitajirika hivyo. Mwaka 1887 Leopold akamfanya liwali wa Stanley Falls, Kisangani ya leo. Kiswahili nacho kilipanda Kongo na misafara hiyo.

Tippu Tip alisimulia maisha yake, yakaandikwa kitabu. Waliokimbilia porini misafara ilipokuja hawakuulizwa. Kama babu au bibi yako alikuachia habari zao, tuletee redioni, hata ukiwa kambini.