Gunia la Mpunga na Kilometa za Gari

Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Wiki hii, ndugu wasikilizaji, nataka tuzungumze juu ya magari yaliyotumika na hila wanazofanyiwa wanaoyanunua. Lakini ili tuelewane vizuri itabidi tuanzie mbali kidogo na gereji na madalali. Tuanzie kwenye gunia la mpunga.

Mkulima wa Mlabani, pale Ifakara, hahitaji kufundishwa maana ya lumbesa. Ni lile gunia lililoshindiliwa hadi mdomo ukakataa kufungika, likaongezewa kilemba na kushonwa kwa kamba. Mnunuzi hulipa bei ya gunia moja, akaondoka na gunia na ziada yake. Serikali imeipiga marufuku lumbesa miaka nenda miaka rudi, na bado ipo. Kwa nini? Kwa sababu shambani mwenye kipimo ni mnunuzi, na mkulima hana mizani.

Sasa mkulima huyo huyo, baada ya misimu kadhaa ya kujinyima, anataka pikapu ya kubebea mpunga wake mwenyewe. Anakwenda Dar es Salaam, safari ya zaidi ya kilometa 400. Huko mambo yamegeuka, kwani mwenye kipimo sasa ni muuzaji. Ndiye anayejua gari limetembea kiasi gani, limepinduka mara ngapi, na chini ya rangi ile inayong'aa kuna bati au kuna pati. Mtu aliyepunjwa akiuza anakwenda kupunjwa tena akinunua. Jasho la miaka minne au mitano laweza kuteketea kwa asubuhi moja.

Historia inatufundisha kwamba mwongo wa sokoni hashindwi kwa mahubiri. Hushindwa siku kipimo kinapotoka mkononi mwake. Wakulima wa pamba wa Kanda ya Ziwa walilijua hilo zamani. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 walichoka kupunjwa kwenye mizani ya wanunuzi, wakaanza kuweka wapimaji wao wenyewe vituoni. Kutokana na vuguvugu hilo, chini ya uongozi wa Paul Bomani, vilizaliwa vyama vya ushirika, na mwaka 1955 vikaungana katika Victoria Federation of Co-operative Unions. Chama kikubwa namna ile kilianza na swali dogo: mizani hii ni ya nani?

Sheria nazo zimehangaika na swali hilo kwa karne nyingi. Neno letu "aibu" limetokana na Kiarabu, na katika sheria ya Kiislamu ya biashara maana yake ni kasoro ya bidhaa. Muuzaji anatakiwa kuitaja, na mnunuzi aliyefichwa ana hiari ya kurudisha mali. Kule Uingereza walianza kwa njia nyingine. Mwaka 1603 mtu aitwaye Lopus alishindwa kesi juu ya jiwe alilolinunua kwa pauni 100, akiambiwa kuwa ni la dawa, kumbe silo. Mahakama ilisema muuzaji alisifu tu, hakutoa dhamana. Yaani mnunuzi afumbue macho, na asipofumbua, shauri yake.

Waingereza walikuja kulainisha mambo kwa sheria ya mauzo ya bidhaa ya mwaka 1893, na mwaka 1931 sheria ya mfano huo ikaletwa Tanganyika. Ndiyo tuliyo nayo mpaka leo, Sura ya 214. Inamlinda mnunuzi, lakini ina vijitundu viwili. Kwanza, dhamana yake ya ubora inamhusu yule ambaye kazi yake ni kuuza bidhaa za namna hiyo, wala haimhusu jirani anayeuza gari lake moja. Pili, ukishalikagua gari, huwezi kulalamikia kasoro ambayo ukaguzi huo ulipaswa kuifichua. Kwa hiyo kulizunguka gari mara moja, kupiga teke tairi na kusema "liko safi" kwaweza kukuponza.

Na sisi tulifikaje kwenye bahari hii ya magari ya mitumba? Wazee watakumbuka enzi za State Motor Corporation, ambapo gari lilipatikana kwa kibali na kwa kusubiri. Bidhaa ikiadimika, hata mkweche huitwa mali, na mnunuzi hathubutu kuuliza maswali. Katika bajeti ya mwaka 1984 serikali iliruhusu wenye fedha zao za kigeni kuingiza bidhaa. Ikaja enzi ya Mzee Ruksa, na magari ya Japani yakamiminika, mengine moja kwa moja na mengine kupitia Dubai. Wajapani wanaendesha upande wa kushoto kama sisi. Isitoshe, huko kwao gari dogo jipya hupelekwa kwenye ukaguzi wa lazima uitwao shaken baada ya miaka mitatu, na baadaye kila miaka miwili. Ukaguzi huo una gharama zake, na wengi huona heri kuuza.

Hapo ndipo penye siri ambayo dalali hapendi uijue. Gari lile likiwa Japani lilikuwa na kipimo. Kwenye mnada hupewa karatasi yenye alama ya ubora na kilometa, na herufi R au RA huonyesha kwamba liligongwa likatengenezwa. Karatasi hiyo ikifika kwetu mara nyingi "imepotea". Mita ya kilometa nayo hurudishwa nyuma, gari likawa kijana kwa dakika chache. Marekani iliona ubaya wa mchezo huu, ikaupiga marufuku kwa sheria ya mwaka 1972. Kwetu TBS hukagua magari yanayoingia nchini, lakini gari linalouzwa mara ya tatu au ya nne chini ya mwembe limekwisha kulipita lango hilo.

Basi tufanyeje? Turudishe kipimo mikononi mwetu. Mita ikisema kilometa 48,000 huku pedeli ya klachi imelika na usukani umekuwa laini kama sabuni, amini pedeli. Ukifika ukakuta injini imekwisha washwa, weka mkono juu ya boneti, uondoke, urudi ikiwa imepoa, maana injini mbovu husema ukweli ikiwa baridi. Nenda na fundi wako mwenyewe, usimkubali yule anayetajwa na dalali. Linganisha namba ya chesisi na iliyo kwenye kadi, kisha uhakikishe TRA ni nani mwenye gari. Dai karatasi ya mnada. Ahadi ya mdomo iandikwe kwenye mkataba, mashahidi watie sahihi, kwa kuwa Sheria ya Mikataba humruhusu aliyedanganywa kuuvunja mkataba, lakini lazima athibitishe kwamba alidanganywa.

Na ukiambiwa kuna mteja mwingine ametoa nusu, anakuja saa kumi kumalizia, mwambie amsubiri huyo huyo. Haraka ile imetengenezwa ili usipime.

Watu wa mijini huenda wakasema haya yanawahusu wa shamba. La hasha! Anayenunua gari Sinza anadanganywa kwa ulimi ule ule. Tofauti ni kwamba wa mjini yuko karibu na fundi na ofisi, na wa Kilombero yuko mbali navyo vyote. Kwa nini basi wakulima wa chama kimoja wasichangishane nauli ya fundi mmoja wanayemwamini, awakagulie magari kabla fedha haijatoka mfukoni? Wakulima wa pamba walifanya hivyo kwa mizani zaidi ya miaka 70 iliyopita, wala hawakungoja wanunuzi wawe malaika.