Mwaka Mmoja wa Kabaka Kalema na Hatima ya Kiswahili Buganda

Mara nyingi darasani tunaulizwa swali hili: ikiwa Kiswahili kilifika katika ikulu ya Buganda kabla ya Kiingereza, kwa nini hakikuota mizizi kama kilivyoota Tanganyika? Wengi wetu hujibu upesi kwa kuwataja askari wa miaka ya 1970, waliowatisha raia kwa Kiswahili. Jibu hilo si la uongo, ila linaanzia mbali na mwanzo wa kisa. Katika makala haya tunapenda kuwarudisha wasomaji wetu hadi mwaka 1888, kwenye utawala wa Kabaka Kalema, ambao haukudumu hata miaka miwili.

Itakumbukwa kwamba wafanyabiashara wa pwani walifika kwa Kabaka Ssuuna II katika miaka ya 1840 wakipitia Tabora. Walileta nguo, bunduki na dini ya Kiislamu. Walichukua pembe za ndovu na watumwa. Mrithi wake, Muteesa I, alifunga Ramadhani kwa miaka kadhaa. Wamisionari wa Kianglikana walipofika mwaka 1877, na Wakatoliki mwaka 1879, nao walianza kazi kwa Kiswahili, kwa sababu ndiyo lugha ya kigeni iliyokwisha kueleweka ikulu. Alama zake zimo katika Luganda mpaka leo: ekitabo, eddiini, essaawa, emmeeza. Waliofuata dini mpya, wawe Waislamu au Wakristo, waliitwa kwa jina moja tu: wasomaji. Kwa hiyo kabla ya 1888 Kiswahili hakikuwa mali ya dini moja.

Muteesa alifariki mwaka 1884 na mwanawe Mwanga II akashika kiti. Mwanga aliwaogopa wasomaji, na mwaka 1886 aliamuru Wakristo wengi wauawe, wakiwemo wale waliochomwa moto Namugongo. Mnamo Septemba 1888 habari zilienea kwamba anakusudia kuwapeleka wasomaji wa dini zote kwenye kisiwa ziwani na kuwatelekeza huko. Waislamu na Wakristo wakaungana, wakampindua. Walimtawaza Kiweewa, mwana wa kwanza wa Muteesa, ingawa kwa desturi ya Buganda mwana wa kwanza hakurithi kiti. Vyeo viligawanywa baina ya pande zote, na Mkatoliki Honorat Nyonyintono akawa Katikkiro.

Muungano huo ulidumu takriban mwezi mmoja tu. Oktoba 1888 Waislamu, wakiungwa mkono na wafanyabiashara Waarabu, waliwashambulia Wakristo. Wamisionari walifukuzwa nchini, na Wakristo wakakimbilia upande wa Nkore. Kiweewa alipotakiwa kutahiriwa alikataa, akawaua baadhi ya viongozi wa Kiislamu, kisha akakimbia. Mwezi huohuo ndugu yake Kalema akakalia kiti. Yeye alikubali tohara na akachukua jina la Rashid.

Kwa nini utawala huu haukudumu? Sisi tunaona sababu tatu. Kwanza, Kalema alitaka kuwalazimisha watu wafuate dini yake, na tohara ya lazima iliwachukiza wengi waliokuwa bado wanashika mila za mababu. Pili, aliamuru ndugu zake wa ukoo wa kifalme wauawe, wana wa kiume na wa kike, pamoja na Kiweewa mwenyewe, ili asiwepo wa kumpinga. Kitendo hicho kiliitia nchi simanzi, na hakikumfaa kitu, kwa maana mpinzani mmoja alikuwa amekwisha kuponyoka. Huyo ni Mwanga, aliyekuwa kusini mwa ziwa, akapokewa na wamisionari Wakatoliki huko Bukumbi. Tatu, bunduki hazikuwa za upande mmoja. Mfanyabiashara Charles Stokes alimsaidia Mwanga kwa chombo chake ziwani, na Wakristo wakamkubali tena yule aliyewatesa, kwa sababu bila mwana wa mfalme hawakuweza kuivuta nchi.

Oktoba 1889 Kalema alishindwa na Mwanga akarudi Mengo. Mwezi uliofuata Kalema alirejea kwa msaada wa Kabalega wa Bunyoro, akamfukuza Mwanga hadi kisiwa cha Bulingugwe. Februari 1890 alishindwa kwa mara ya mwisho, na kabla mwaka haujaisha alikufa kwa ndui. Uongozi wa Waislamu ukamwangukia Nuhu Mbogo, ndugu wa Muteesa. Kapteni Lugard alifika Desemba 1890 na kujenga boma lake katika kilima tunachokiita leo Old Kampala. Waislamu walipewa kaunti tatu mwaka 1892, lakini baadaye walibakiwa na Butambala pekee.

Na Kiswahili je? Kilishindwa katika vita ambavyo hakikupigana. Walioshinda walijenga makanisa na shule zao kwa Luganda. Biblia nzima ya Luganda ilikamilika mwaka 1896. Gavana Gowers alipopendekeza mwaka 1927 kwamba Kiswahili kipanuliwe shuleni na serikalini, viongozi wa makanisa walikipinga, wakikihusisha na Uislamu. Mwaka 1929 Kabaka Daudi Chwa, mwana wa Mwanga, aliandika kukipinga pia, akihofia Luganda. Idi Amin alipokitangaza kuwa lugha ya taifa mwaka 1973, alikikabidhi kwa watu waliokuwa na kumbukumbu ya kale, naye akaiongezea mpya.

Historia ya dunia ina mifano ya tawala fupi zilizoacha alama ndefu. Nasaba ya Qin ya China ilianza mwaka 221 KK na kuanguka baada ya miaka 15 hivi. Nayo ilitawala kwa mkono wa chuma na watu wakaichukia, lakini ilisawazisha maandishi ya nchi nzima, na nasaba ya Han iliyofuata haikuyatupa kwa sababu ya chuki hiyo. Buganda mambo yalikwenda kinyume: chuki dhidi ya utawala ilihamia kwenye lugha.

Hatusemi kwamba hofu ya wazee wetu haikuwa na msingi. La hasha. Kiswahili kilikuwa pia lugha ya misafara ya watumwa, na ukweli huo haufutiki. Lakini ni kweli vilevile kwamba Wakristo wa kwanza wa Buganda walipata mafundisho yao ya mwanzo kwa msaada wa lugha hiyohiyo.

Mwaka 2005 Katiba ilikitambua Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili, na mwaka 2022 Baraza la Mawaziri liliagiza kifundishwe kwa lazima shuleni. Hapa hatuna budi kukumbuka yaliyompata Kalema: aliamuru, na watu wakamkimbia. Amri inaweza kumleta mwanafunzi darasani, lakini kumfanya aipende lugha ni kazi yetu sisi walimu. Basi mwanafunzi akisema Kiswahili ni cha watu wengine, tusimkemee. Tumwandikie ubaoni ekitabo na kitabu, eddiini na dini, kisha tumweleze habari za 1888 bila kuficha upande wowote.