Simu kwa Njia ya Intaneti na Sauti ya Kidijitali Nyumbani: Mambo ya Kuzingatia kwa Wakazi wa Pasua, Moshi

Mkoa wa Kilimanjaro umepitia mabadiliko makubwa ya mawasiliano. Mwaka 2013 mitambo ya televisheni ya analojia ilizimwa mjini Moshi, na mwezi Agosti 2022 Shirika la Mawasiliano Tanzania (TTCL) lilifikisha intaneti ya kasi katika kituo cha Horombo, mita 3,720 juu ya usawa wa bahari, ndani ya Hifadhi ya Mlima Kilimanjaro. Hata hivyo, mawasiliano mazuri hutegemea pia namna mwananchi anavyopanga vifaa vyake nyumbani. Makala haya yanaeleza hatua muhimu kwa wakazi wa Kata ya Pasua, Manispaa ya Moshi, na maeneo mengine yenye mazingira kama hayo.

Namna sauti inavyosafiri

Maikrofoni hupokea sauti, kisha kifaa huigeuza kuwa tarakimu. Katika kiwango cha kawaida cha simu, sauti hupimwa mara 8,000 kwa sekunde na kuzalisha kilobiti 64 kwa sekunde. Baada ya kufungashwa kwa ajili ya safari ya mtandaoni, hufikia takribani kilobiti 90 kwa kila upande. Hivyo, saa moja ya mazungumzo ya kiwango hicho na ndugu aliye Muscat au Dar es Salaam hutumia megabaiti 80 hivi. Programu nyingi za simu janja hubana sauti na kutumia pungufu ya hapo. Redio ya mtandaoni ya kilobiti 128 hutumia takribani megabaiti 58 kwa saa. Mwananchi anashauriwa kuzingatia hesabu hiyo kabla ya kununua kifurushi.

Kasi kubwa pekee haitoshi. Sauti inapochelewa zaidi ya milisekunde 150 kwa upande mmoja, wazungumzaji huanza kukatizana maneno.

Vifaa na mpangilio wake

Vinahitajika huduma ya intaneti kutoka kwa kampuni yenye leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA), ruta, na kifaa cha kuzungumzia. Kifaa hicho chaweza kuwa simu janja, simu ya mezani ya intaneti, au simu ya mezani ya kawaida iliyounganishwa kwa adapta maalumu.

Ruta iwekwe katikati ya nyumba, mahali pa juu, mbali na kabati la chuma na jiko la maikrowevu. Masafa ya gigahezi 2.4 hupenya kuta za matofali vizuri zaidi, lakini mahali ambapo vyumba vya wapangaji vimebanana huingiliwa na mitandao ya majirani. Masafa ya gigahezi 5 yana kasi zaidi, ila hufifia haraka nyuma ya ukuta. Simu ya mezani na spika ya redio zisizohamishwa ziunganishwe kwa waya inapowezekana. Ili kuzuia mwangwi, maikrofoni isielekezwe kwenye spika.

Umeme na dharura

Hili ndilo jambo la kuzingatiwa kuliko yote. Umeme unapokatika, ruta huzimika, na simu ya mezani inayoitegemea huzimika pamoja nayo. Betri ya volti 12 yenye ampea-saa 7 hubeba wati-saa 84, kiasi kinachoweza kuendesha ruta ya wati 10 kwa saa kadhaa. Wakati wa radi, hususan msimu wa masika, vifaa vichomolewe kwenye soketi.

Aidha, programu nyingi za kupiga simu kwa intaneti haziwezi kuita namba za dharura. Kila kaya ibaki na walau simu moja ya mkononi yenye laini ya kawaida na chaji ya kutosha, kwa ajili ya kuita Polisi kwa namba 112 au Jeshi la Zimamoto na Uokoaji kwa namba 114. Watoto na wazee waonyeshwe mapema simu hiyo ilipo na namna ya kuitumia.

Usalama wa mtumiaji

Nenosiri lililokuja na ruta libadilishwe siku ya kwanza. Namba ya uthibitisho inayotumwa na programu ya simu asipewe mtu yeyote, hata akijitambulisha kuwa mhudumu, kwa kuwa anayeipata aweza kutwaa akaunti na kuwaomba ndugu fedha kwa jina la mwenyewe. Ujumbe wa kitapeli utumwe kwenda namba 15040. Mwananchi aweza pia kupiga *106# kuhakiki laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake cha Taifa.

Wananchi wanakumbushwa kununua vifaa vilivyothibitishwa na TCRA, kudai risiti, na kujaribu simu ya dharura ya nyumbani mara kwa mara kwa kuwapigia ndugu au majirani.