Aliyemwongoza Bruce Lee

Pak Chong ni mji mdogo wa njiani kaskazini mashariki ya Bangkok, mahali ambapo malori hupumzika na abiria hununua chakula dirishani, kama Laela ilivyo kwa anayetoka Tunduma kwenda Sumbawanga. Mwezi Julai 1971 kikundi cha watengeneza picha kutoka Hong Kong kilipiga kambi hapo, na kazi ilikuwa haiendi. Joto lilikuwa kali, mbu na mende hawakuwapa watu usingizi, na mchezaji mmoja aliyetoka Marekani alikuwa akimwandikia mkewe barua za kulalamikia chakula. Kampuni ilimwondoa mwongozaji wa kwanza, Wu Chia-hsiang, ikamleta mwingine. Huyo wa pili alikuwa na umri wa miaka 52, na picha nyingi zilikuwa zimepita mikononi mwake. Jina lake Lo Wei.

Mchezaji yule wa barua alikuwa Bruce Lee. Picha waliyoitengeneza hapo ni The Big Boss, ile ya kiwanda cha barafu. Ukiitaja katika kijiwe chochote cha Ufipa kwa watu waliovuka miaka arobaini, watakusimulia mwanzo hadi mwisho: ahadi aliyompa mama, kipande cha jiwe la kijani shingoni, dawa za kulevya zilizofichwa ndani ya barafu. Ukimtaja Lo Wei, watakuuliza alicheza kama nani. Naona amenyimwa haki yake, kwa sababu mambo mengi tunayoyakumbuka katika picha ile ni kazi ya mikono yake.

Lo Wei alizaliwa Disemba 1918 katika jimbo la Jiangsu, mashariki ya China. Ujana wake uliangukia katika vita na Japani, na humo ndimo alimoanzia kuigiza jukwaani. Vita ile ilipokwisha, Wachina wakaendelea kupigana wenyewe kwa wenyewe hadi Wakomunisti walipotwaa nchi mwaka 1949. Watu wengi wa sinema wa Shanghai walikimbilia Hong Kong, koloni la Waingereza, naye Lo Wei alikuwa mmoja wao. Walikuta mji ambao wenyeji wake wanazungumza Kikantoni. Wao walikuwa wamezoea kutengeneza picha kwa Kimandarini, nao wakaendelea hivyo hivyo, wakiwalenga watazamaji wa Taiwan, Singapore, Malaysia na popote palipokuwa na maduka ya Wachina. Sinema ya Kimandarini ya Hong Kong ilizaliwa ugenini na ikauzwa ugenini. Watengenezaji wake walijua tangu mwanzo kwamba picha yao itatazamwa na watu walio mbali, wengine wakiwa hawaelewi maneno yake.

Biashara hiyo ilitawaliwa na majabali mawili. La kwanza ni kampuni ya Cathay ya tajiri Loke Wan Tho, ambaye alikufa katika ajali ya ndege huko Taiwan mwaka 1964. La pili ni Shaw Brothers, ambao mwaka 1961 walifungua kando ya ghuba ya Clearwater studio kubwa kama mji, yenye mabweni ya wachezaji na mitaa mizima ya kale iliyojengwa kwa mbao. Lo Wei alipitia kote kuwili. Alianza kama mwigizaji, akaingia katika uongozaji miaka ya 1950, na kwa Shaw akatengeneza kila kilichohitajika sokoni. Dunia ilipokumbwa na homa ya James Bond, alitoa Angel with the Iron Fists mwaka 1967, jasusi akiwa mwanamke, Lily Ho. Upanga uliporudi kupendwa, mwaka 1969 alitoa Dragon Swamp, ambamo Cheng Pei-pei anacheza mama na binti kwa pamoja.

Hakuwa msanii wa daraja la King Hu, ambaye A Touch of Zen yake ilipata tuzo Cannes mwaka 1975. King Hu angeweza kutumia miaka katika picha moja. Lo Wei alikuwa fundi wa kumaliza kazi. Alijua gharama zake, alijua watazamaji watachoka dakika ya ngapi, na magazeti ya Hong Kong baadaye yalimwita mwongozaji wa mamilioni kwa sababu picha zake ziliingiza fedha. Wanahistoria wa sinema huitumia sifa hiyo kumshusha. Mimi naona kwamba anayejua watu watachoka lini anajua jambo kubwa.

Mwaka 1970 Raymond Chow, aliyekuwa mtendaji wa Shaw, alijitoa akaanzisha kampuni yake, Golden Harvest. Lo Wei akamfuata. Kampuni ilikuwa changa na ilihitaji sura mpya. Mke wa Lo Wei, Liu Liang-hua, ndiye aliyekwenda Marekani kumfuata Bruce Lee, na mkataba ukawa picha mbili kwa dola 15,000 za Marekani. Shaw pia walikuwa wamewasiliana na kijana huyo, lakini walimpa masharti duni zaidi.

Sasa turudi Pak Chong tuitazame picha kwa karibu. Bruce Lee, mtu aliyeletwa kwa sababu ya mapigo yake, hapigani kwa sehemu kubwa ya nusu ya kwanza. Anaona wenzake wakionewa, mkono unamwasha, anashika lile jiwe alilopewa na mama yake na kukumbuka kiapo. Anayepigana ni James Tien, na mtazamaji anaamini kabisa kwamba huyo ndiye steringi. Ghafla Tien anauawa. Ukumbi unabaki hauna wa kumtegemea, isipokuwa yule mgeni mpole anayekaa pembeni. Kisha siku ya vurugu kiwandani mtu anaikata ile kamba ya shingoni, jiwe linavunjika, na Bruce Lee anaruhusiwa kuwa Bruce Lee. Mapigo yalikuwa yake mwenyewe. Ile subira ya karibu saa nzima iliyoyapa mapigo hayo uzito ni ya mwongozaji.

Jambo jingine halionekani kwa macho. Picha hizi zilipigwa bila sauti. Wachezaji walitoka Hong Kong, Taiwan na Thailand, kila mmoja akasema kwa lugha aliyoiweza mbele ya kamera, na sauti zikatiwa baadaye studio na watu wengine. Bruce Lee alikulia katika Kikantoni, kwa hiyo ile sauti ya Kimandarini tunayoisikia kinywani mwake ni ya mtu mwingine. Kwa Lo Wei na wenzake hiyo ndiyo iliyokuwa namna ya kawaida ya kufanya kazi. Hadithi ilibidi ibebwe na macho, mikono, na mahali mtu aliposimama. Maneno yalikuwa kitu cha kuongezwa mwishoni.

Ilipofunguliwa Hong Kong mwisho wa Oktoba 1971, The Big Boss iliingiza dola za Hong Kong milioni 3.2, ikavunja rekodi iliyokuwa ikishikiliwa na The Sound of Music. Miezi michache baadaye, Machi 1972, ikafuata Fist of Fury, ikapita milioni 4.

Hii ya pili ni bora zaidi, tena ina hasira ya kweli ndani yake. Tuko Shanghai mwanzoni mwa karne ya ishirini, mwalimu wa shule ya mapigano ya Jingwu amekufa kwa sumu, na Wajapani wanaleta msibani ubao wenye maandishi ya kuwatusi Wachina kwamba ni wagonjwa wa Asia. Mwanafunzi Chen Zhen anaubeba ubao ule peke yake hadi katika dojo la Wajapani. Kamera inapanda juu, unamwona katikati ya duara la watu waliovaa nyeupe, kisha duara linavunjika. Anapomaliza anawalisha wawili wao karatasi ya matusi yale. Halafu anafika getini kwenye bustani ambako kibao kinakataza mbwa na Wachina, naye anakirusha hewani na kukivunja kwa teke. Lo Wei alikuwa kijana wa kumi na tisa hivi Wajapani walipoingia Shanghai na Nanjing mwaka 1937. Hakuhitaji kufundishwa hasira hiyo. Hati ya picha imewekwa jina lake, ingawa mwandishi Ni Kuang ndiye aliyeiandika, na hilo nalo lisemwe.

Katikati ya miaka ya 1970 picha za Bruce Lee zilijaza majumba ya sinema ya Dar es Salaam na Zanzibar. Uhuru wa Tanganyika ulikuwa na umri wa miaka kumi na kidogo. Wazee waliokaa viti vya nyuma walikumbuka vizuri klabu za Wazungu ambazo Mwafrika aliingia kwa mlango wa jikoni tu, kwa hiyo kile kibao cha bustani hakikuhitaji mkalimani. Vijana waliotoka ukumbini walirusha mateke hadi nyumbani, na madarasa ya karate yakapata wanafunzi.

Wakati huohuo Wachina halisi walikuwa wakijenga reli ya TAZARA, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, ikivuka mpaka pale Tunduma. Kazi ilianza 1970 na reli ikakabidhiwa 1976. Mtu wa Ufipa aliyeshuka Tunduma kutafuta kibarua aliwaona kwa macho yake. Lakini wafanyakazi wale walitoka China ya Mao, ambako picha za kibiashara za Hong Kong hazikuruhusiwa. Mtanzania aliyenunua tiketi Dar es Salaam aliona kitu ambacho fundi Mchina aliyelaza mataruma yale asingeweza kukiona kwao.

Kule Hong Kong, urafiki wa Lo Wei na Bruce Lee ulikuwa umeharibika. Inasimuliwa kwamba mwongozaji aliweza kusikiliza mbio za farasi redioni huku wachezaji wakiwa mbele ya kamera, na Jackie Chan naye ameeleza hivyo katika kumbukumbu zake. Lo Wei alijisifu magazetini kwamba yeye ndiye aliyemfundisha Bruce Lee kupigana kwenye picha, na Bruce Lee hakulisamehe neno hilo. The Way of the Dragon, mwaka 1972, aliiongoza mwenyewe. Tarehe 10 Julai 1973 walikwaruzana studio hadi polisi wakaitwa. Siku kumi baadaye Bruce Lee alifariki.

Lo Wei akatumia miaka iliyofuata kumtafuta Bruce Lee mwingine. Mwaka 1975 alifungua kampuni yake mwenyewe na kumwandikisha kijana aliyewahi kurushwa kwa teke badala ya adui katika Fist of Fury. Ndiye Jackie Chan. Akamweka katika New Fist of Fury mwaka 1976, akamwambia akunje uso na kulipiza kisasi. Haikufaa. Kijana yule alikuwa na kipaji cha kuchekesha, na Lo Wei hakukiona. Mwaka 1978 alimkodisha kwa kampuni nyingine, na huko zikatoka Snake in the Eagle's Shadow na Drunken Master, picha zilizomfanya nyota. Fundi aliyejua watazamaji watachoka lini safari hii hakujua wamekwisha kuchoka. Chan alipomkimbia na kwenda Golden Harvest, Lo Wei alichukua mabaki ya picha waliyoiacha njiani, akaziba mapengo kwa mchezaji wa kufanana naye, akaitoa mwaka 1983 kwa jina la Fearless Hyena II. Hakuna kazi yake ninayoionea uchungu kama hiyo.

Alikufa Hong Kong Januari 1996, akiwa na miaka 77. Kwetu wakati huo ndio kwanza picha zake zilikuwa zikipata watazamaji wapya. Televisheni ya Tanzania Bara ilikuwa imeanza mwaka 1994 tu, na mbali na miji mikubwa haikushika. Kilichofika ni mkanda, deki, jenereta na banda lililozibwa mwanga kwa turubai. Pamoja na mkanda alifika mfasiri. Derek Mukandala, tuliyemjua kwa jina la Lufufu, na wenzake kama King Rich, walizitia picha za kigeni Kiswahili kwa sauti moja ya mtu mmoja, wakawapa wahusika majina ya mtaani, wakaongeza methali na mawaidha, wakaeleza nani ni jambazi kabla hajafanya ujambazi. Wasomi wengine waliona wanaharibu picha. Kwa picha za Lo Wei sidhani kama kuna kilichoharibika. Hazikuwahi kuwa na sauti yao wenyewe. Lufufu alitia yake mahali ambapo studio ya Hong Kong ilikuwa imetia ya kwao.

Kitu pekee walichoshindwa kukifasiri ni mwisho wa Fist of Fury, maana kila mtu bandani anajua kwamba steringi hafi. Inspekta wa polisi anakuja shuleni kumkamata Chen Zhen. Kijana anakubali kwa sharti kwamba shule iachwe salama. Wanatoka pamoja hadi uani, na nje ya lango wamepangwa askari wenye bunduki. Chen Zhen anakimbia kuwaelekea, anaruka, picha inaganda akiwa hewani na risasi zinasikika. Inspekta yule aliyemtoa mlangoni ndiye Lo Wei mwenyewe, na anaonekana pia mara kadhaa kabla ya hapo. Ukiupata mkanda ule tena, mtazame.